Nani Atamtuma Mtoto Ng'ambo ya Lami?

Mtoto wa Bukoba huanza kuujua mji kwa kutumwa chumvi. Kwanza duka la jirani, ambako mama akisimama mlangoni anamwona mpaka anaponyoosha mkono dirishani. Baadaye gengeni, kisha mashineni kusagisha, kisha kwa shangazi mtaa wa pili kupeleka kitenge. Akifika darasa la nne hivi anajua vichochoro ambavyo afisa mipango miji huenda hajawahi kuvipita. Hakuna anayekaa chini na kuamua kwamba kuanzia leo mtoto ameruhusiwa kwenda mbali zaidi. Chumvi imekwisha, basi.

Ndiyo maana nilipokwenda Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kutazama watoto wana nafasi gani ya kutembea wenyewe, sikuwauliza wazazi wanawaruhusu watoto waende wapi. Swali hilo hujibiwa kwa majigambo au kwa woga. Niliuliza: huyu unamtuma wapi? Na wapi humtumi? Majibu yalikuja upesi, tena kwa majina ya mahali.

Kata ya Hamugembe, Bukoba, ambako nyumba zimesogeleana hadi maji ya bati la huyu yanamwagikia ukuta wa yule, mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua barazani alinijibu bila kuinua macho. Wa miaka saba anamtuma popote upande huu. Upande huu ulikuwa na maduka, genge, bomba la maji na cherehani ya fundi. "Kule ng'ambo simtumi, baba. Zile pikipiki hazina adabu." Ng'ambo yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka kwenye jiko lake. Kila mzazi niliyezungumza naye alikuwa na ramani ya namna hiyo kichwani, na mara chache sana mpaka wake ulikuwa umbali. Mtoto anayekatazwa kuvuka barabara ya mita saba alikuwa jana yake ametembea kilomita nzima kwenda kwa bibi.

Kwa umbo lake, Bukoba ilipaswa kuwa mji wa watoto. Tangu Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani hapo mwaka 1890, mji umebanwa kati ya Ziwa Viktoria na vilima, na sehemu yake ya katikati ni tambarare ndogo ya mitaa iliyonyooka ambayo miguu mifupi inaimudu. Maduka ya zamani yana baraza zenye paa. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo baraza hizo si pambo: mtu angeweza kupita chini yake duka hadi duka bila kulowa. Leo zimejaa ndoo, magodoro, meza za mawakala wa fedha za simu, na mbele yake pikipiki zimepangwa zikingoja abiria. Mtoto anashuka barabarani. Mtu mzima naye anashuka, ila dereva humwona mtu mzima mapema zaidi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 144,938 katika manispaa yenye kata 14. Wanaojenga sasa wanapanda vilimani, Kibeta, Nyanga, Kitendaguro, na huko mambo yamegeuka. Barabara ni tulivu, hewa ni safi, magari ni machache. Kwa haki, watoto wangekuwa wamejaa. Badala yake ni ukuta, geti la chuma, ukuta, geti. Duka liko mbali kwa sababu kila kiwanja kimechukuliwa na nyumba moja kubwa, na aliye ndani akipungukiwa sukari anampigia simu bodaboda. Mapema alfajiri basi la manjano la shule ya mchepuo wa Kiingereza linapita kuwaokota watoto mlango hadi mlango, na wengine wanaendelea na usingizi wao kitini. Mtoto huyo anaweza kumaliza darasa la saba bila kuwahi kutumwa popote. Nilipouliza mzazi mmoja wa huko humtuma wapi binti yake wa miaka tisa, alifikiri kidogo, akacheka: "Jikoni."

Walio katikati, wasio na basi la shule lakini wenye woga, wana suluhisho lao, nalo ni bodaboda wa kulipwa kwa mwezi. Nilimwona mmoja Kashai akipakia. Wa kwanza, mdogo kuliko wote, alikalishwa juu ya tangi la mafuta, mikono yake ikishika usukani karibu na ya dereva. Watatu wakapanda nyuma kwa ukubwa, mkubwa akiwa wa mwisho ili awazuie wenzake wasiteleze. Mabegi mawili yalitundikwa kwenye vioo vya pembeni, ambavyo kwa hiyo havikuonyesha tena chochote. Upakiaji huo watu huuita mshikaki. Sheria inasema abiria mmoja. Dereva alikuwa mwangalifu kweli, alimfunga kila mtoto zipu ya sweta, akawaambia wasalimie. Mama aliyekuwa akiwaaga aliniambia amemkodi kwa sababu anaogopa pikipiki barabarani.

Mzunguko huu wa woga Waingereza waliupitia mapema. Mtafiti Mayer Hillman na wenzake walionyesha kwamba mwaka 1971 watoto 80 kati ya 100 wa miaka 7 na 8 nchini England walikwenda shule bila mtu mzima. Mwaka 1990 walikuwa wamebaki 9. Katika kipindi hicho vifo vya watoto barabarani vilipungua, na wakubwa wakajipongeza kwamba barabara zimekuwa salama. Hillman alipinga. Barabara zilikuwa hatari zaidi. Kilichopungua ni watoto wenyewe. Kila mzazi aliyemtia wake ndani ya gari aliongeza gari moja mbele ya mtoto wa jirani anayetembea. Tafiti zilizofuata zililinganisha nchi 16, Finland ikaongoza, na Afrika nzima ikawakilishwa na Afrika Kusini peke yake. Watoto wa Hamugembe hawamo katika majedwali hayo. Wangewachanganya watafiti, kwa kuwa mtoto mmoja yuko huru kuliko wa Finland upande huu wa barabara, na mfungwa kuliko wa London upande ule.

Kuna majira ambapo ramani zote za wazazi husahauliwa. Mwezi Novemba senene, panzi wa kuliwa, wakishuka, watoto wa Bukoba hutoka usiku na chupa tupu za maji, wakainama chini ya taa za barabarani na za maduka. Zamani senene walikuwa kazi ya wanawake na watoto. Siku hizi wenye mtaji hufunga balbu kali na kusimamisha mabati juu ya mapipa, wanavuna kwa magunia. Hata hivyo pembeni ya mitego hiyo watoto wapo, wanagombania wanaoruka nje. Mzazi yule yule asiyemtuma mtoto ng'ambo saa sita mchana anamwachia hadi saa tatu usiku. Ukimwuliza, atakwambia kila mtu yuko nje. Ni jibu zito kuliko linavyosikika. Giza ni lile lile na pikipiki ni zile zile, ila usiku huo barabara imejaa watu wazima wanaofahamiana, na pikipiki zinapita polepole kwa sababu haziwezi kupita vingine.

Safari kutoka Bukoba kwenda Muleba ni kama kilomita 70 kuelekea kusini. Hiace inatoka ikiwa imejaa, inaongeza watu Rwamishenye, inaongeza tena Kemondo, na kutoka hapo migomba haikuachi.

Kijiji cha Kihaya kwa asili ni kisiwa cha migomba katikati ya nyasi za rweya. Nyumba imo ndani ya kibanja chake, kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, makaburi ya wazee karibu na uani. Kibanja kinagusana na kibanja, na katikati vinapita vijia. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipohamisha mamilioni ya watu na kuwapanga kwa mistari kandokando ya barabara, sehemu kubwa ya Bukoba na Muleba haikuguswa sana, kwa kuwa mgomba haufungashwi na kaburi halihamishwi. Vijiji viliandikishwa pale pale vilipokuwa.

Kilichoshindikana kwa operesheni kimewezekana kwa lami. Kutoka Kemondo hadi Muhutwe na kuendelea, watu wamejisogeza wenyewe. Duka lililokuwa ndani ya migomba limehamia barabarani, na mashine ya kusaga, kanisa jipya, saluni, kijiwe cha bodaboda na wakala wa simu vimelifuata. Vituo vyote ambavyo mtoto hutumwa sasa vimepangwa kwenye mstari ule ule ambao malori ya Biharamulo na mabasi ya Mwanza yanapita. Vibao vya 50 vipo na matuta yapo, na dereva wetu aliyaheshimu matuta kwa sababu yanavunja springi.

Tazama pia mahali mtoto anapokanyaga. Kwa sababu ya mvua za Kagera, mitaro ya barabara hii ni mipana na yenye kina, mingi imejengwa kwa mawe, na sehemu nyingi imekaa karibu kabisa na lami. Kwa hiyo mwanafunzi anatembea kwenye ukanda mwembamba kati ya mstari mweupe na mtaro. Gari mbili zikipishana hapo, hana pa kukimbilia isipokuwa kuruka shimo. Ukisema nchi haina nafasi ya kumtengenezea njia, utakuwa umesahau Sheria ya Barabara ya 2007, inayotenga hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Ni sheria hiyo iliyochora X nyekundu kwenye kuta za watu waliojenga ndani ya hifadhi. Ng'ambo ya mtaro, ndani ya hifadhi hiyo hiyo ya barabara, niliona matofali yaliyopangwa yakingoja mnunuzi, maharage, na mbuzi aliyefungwa kwenye kibao cha kilomita. Njia ya miguu ya mita moja na nusu ingetosha pale na mbuzi akabaki.

Kamachumu ni juu, mahali penye baridi na ukungu wa asubuhi. Hapo nilimfuata, kwa ruhusa ya mama yake, mvulana wa miaka minane aliyetumwa kupeleka ndizi kwa bibi yake. Alibeba chane mbili kichwani juu ya kata ya majani makavu ya mgomba, akaniacha nyuma mara moja.

Kijia chenyewe kilitosha mtu mmoja na mzigo wake. Udongo umekanyagwa hadi unang'aa, pembeni miti ya miramura imepandwa kuonyesha mwisho wa kibanja cha huyu na mwanzo wa kile cha mwingine. Kila baada ya muda kijia kilitumbukia uani mwa mtu, si pembeni ya nyumba, bali mbele ya mlango hasa. Kila uani alisalimia. Shikamoo ya kwanza ilijibiwa na mzee anayeanika kahawa. Ya pili na msichana anayeosha vyombo, ambaye alimcheka kwa kumwamkia yeye. Kwenye nyumba ya nne au ya tano bibi kizee aliyeketi juu ya mkeka alimsimamisha.

"Wewe mwana wa nani?"

Akajitaja, akamtaja baba yake, akamtaja na babu.

"Na huyu?"

"Mgeni. Ananifuata."

"Anakufuata kwa nini?" Bibi akaniangalia mimi, si mtoto, na ilinibidi nijieleze kwa kirefu kuliko nilivyowahi kujieleza kwenye ofisi yoyote ya serikali. Nilipomaliza akasema, "Haya, nyegera waitu," yaani karibu, nikajua nimeandikishwa. Tuliporudi saa moja baadaye, nyumba tatu zilikuwa tayari zinajua mimi ni nani na nimekula nini kwa bibi wa mvulana.

Mipango miji ya kizungu imetumia nusu karne kutafuta namna ya kurudisha madirisha yanayotazama barabara. Hapa kijia kinapita mlangoni. Mvulana yule hakuwa peke yake hata dakika moja, ingawa hakuna aliyemsindikiza. Alijua mbwa gani ni mkali na mwenye mbwa ni nani, chemchemi ipi inateleza, mti gani wa parachichi hauna mwenyewe mkali.

Palikuwa na sehemu moja tu aliyokimbia. Kijiji kilipoisha, kijia kilikatiza kipande cha rweya. Zamani zilikuwa nyasi fupi, na mtoto angeonekana kutoka upande wa pili mpaka amalize kuvuka. Sasa, kama ilivyo katika maeneo mengi ya Kagera, kipande kile kimepandwa mikaratusi na misonobari. Miti inalipa, sina neno. Ila imefunga macho. Mama yake alikuwa ameniambia mapema kwamba huyu anaweza kupita, lakini dada yake wa miaka 12 hapitishwi mle bila wenzake. Kwa wasichana ramani husinyaa kadiri wanavyokua, wakati ya kaka zao inapanuka.

Woga huo haukutoka hewani. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino aliibwa katika kata hii ya Kamachumu, na mwili wake ukapatikana katikati ya Juni. Nchi nzima ilishtuka; watu wakafikishwa mahakamani. Watu wa huku hawapendi kuzungumzia jambo hilo na mgeni, nami sikuwalazimisha. Inatosha kukumbuka kwamba mtoto yule hakuwa njiani. Aliibwa nyumbani kwao.

Nisije nikaonekana nauimba huu uhuru wa migombani. Gina Porter wa Chuo Kikuu cha Durham aliongoza utafiti katika maeneo 24 ya Ghana, Malawi na Afrika Kusini, watoto wenyewe wakiwa miongoni mwa watafiti, na jambo lililojitokeza wazi ni mizigo: watoto wanakwenda mbali kwa sababu wanabeba. Maji, kuni, mazao. Kagera inalifahamu hilo kwa uchungu wa pekee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, juu huku huku Kamachumu, na miaka iliyofuata iliacha nyumba nyingi zenye bibi na wajukuu tu. Katika nyumba kama hizo mtoto wa miaka minane alikuwa ndiye miguu ya familia. Alikwenda sokoni na zahanati kwa sababu hapakuwa na mwingine, na dumu la lita 20 halimpi mtu nafasi ya kucheza njiani. Kijia salama kilimsaidia kufika. Hakikumpunguzia mzigo.

Umbali nao una kazi yake. Michango ya lazima katika shule za msingi za serikali ilipoondolewa mwaka 2016 madarasa yalifurika, na ikaonekana kirahisi kwamba miguu ya mtoto wa darasa la kwanza ni mifupi kuliko ya wa darasa la saba. Mojawapo ya majibu imekuwa shule shikizi, madarasa machache ya wadogo yanayojengwa karibu na makazi chini ya ulezi wa shule mama. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 za mwaka 2021 zilitengewa vyumba 3,000 vya shikizi nchini. Kwa mtazamo wa mzazi anayetuma chumvi, shikizi ina faida ambayo haimo kwenye hotuba: inaweza kukaa upande ule ule wa lami na nyumba.

Pale ambapo shule iko ng'ambo tayari, Tanzania haihitaji kwenda Ulaya kujifunza. Shirika la Amend limekuwa likizikagua barabara zinazozunguka shule za msingi za Dar es Salaam na kurekebisha vitu vya kawaida kabisa: kivuko kilichoinuliwa, tuta kabla yake, njia ya miguu, nguzo za kuzuia pikipiki kupanda njia hiyo, mahali pengine hata kuhamisha geti la shule kutoka barabara kuu kwenda ya pembeni. Mradi huo, SARSAI, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center mwaka 2019. Zege, rangi na mtu wa kwenda kusimama nje ya shule asubuhi akitazama watoto wanapita wapi. Hili la mwisho ndilo adimu.

Muleba mjini linahitajika sana. Mji umeota kwenye barabara, na soko, stendi na maduka vinautazama mkondo wa magari. Wakati wa kutoka shule watoto walijikusanya ukingoni mwa lami, wakangoja, kisha mkubwa mmoja akanyoosha mkono na kundi zima likavuka mbio, wadogo wakishikana sweta.

Mbali kidogo na lami, viwanja vinapimwa. Mwenyekiti wa kitongoji kimoja alinitembeza kuonyesha kijia kilichokuwa kikipita kwenye vibanja vitatu hadi shuleni, watoto hawakanyagi barabara kuu hata hatua moja. Kibanja cha katikati kiliuzwa, mnunuzi akapima, akaweka bikoni, akajenga ukuta. Katika mchoro wa mpima ardhi kijia hakikuwepo. Mchoro ulionyesha barabara za magari tu, na kijia cha miguu bila jina wala upana kilikuwa sawa na hewa. Watoto wakaanza kuzunguka kwa lami. Katika urasimishaji wa makazi majirani huombwa kila mmoja amege ardhi kidogo ili gari lipite, na wengi humega, kwa sababu gari la zimamoto na la jeneza linaeleweka. Kumega kwa ajili ya mtoto aliyebeba chupa ya mafuta ya taa ni ombi ambalo mwenyekiti yule alilazimika kulitunga mwenyewe.

Alikwenda kwa mwenye ukuta mara kadhaa, jioni, na heshima zote, mara moja na rubisi, pombe ya ndizi. Mwishowe wakaafikiana uwekwe mlango mdogo nyuma na mwingine mbele, na katikati ujia wa upana wa toroli. Anataka uingizwe kwenye ramani kabla kiwanja hakijabadilisha mikono tena, na ameandika barua halmashauri. Kwa sasa milango inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi wanaendelea kubishana.